Kopo la Dawa ya Kung'arisha

Nungwe,
10 Januari 1954

Bibi yangu Eufrasia,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima, isipokuwa mgongo, nao unauma kwa kazi, si kwa ugonjwa. Natumaini barua hii itakukuta umeshiba na hujamgombeza mtu tangu asubuhi. Nisalimie baba mdogo Gregory na nyumba yake yote. Huku kwetu mvua imenyesha, mihogo imekubali, sato wapo, na mbu wanatupenda kupita kiasi. Dada Klara amejifungua salama kule Nyahanga. Mtoto ni wa kiume, wamempa jina la babu, kwa hiyo sasa una mume mwingine. Mimi sina wivu, nimezoea kuonewa.

Sasa niseme lililonifanya ninunue karatasi.

Unajua niliacha kuchimba dhahabu, kwa sababu dhahabu yenyewe iliniacha mapema. Siku hizi natunza mashua ya Mzee Mihayo. Aliinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuja Geita kutafuta utajiri akaondoka na homa. Wakati ule ilikuwa ya buluu, rangi ya mafuta, inang'aa hata ukiiona ng'ambo ya ghuba unaijua. Sasa jua limeichoma mpaka imefanya ukungu, kama jicho la mzee lenye mtoto wa jicho. Ukipitisha kiganja ubavuni, kinatoka cheupe kama umeshika chaki.

Mwezi wa tatu chama cha wakulima wa pamba kitachagua mwenyekiti, na Mzee Mihayo anautaka uenyekiti huo kuliko chakula. Anataka siku hiyo ashuke mwaloni, pale mashua zinapoegeshwa, mbele ya watu wote kutoka kwenye mashua inayometameta. Kuipaka rangi upya hataki kusikia. Anasema rangi mpya ni ya mtu anayeficha jambo.

Mzee huyo ana binti, Scolastika. Bibi, sitaandika mengi juu yake kwa sababu karatasi ni moja. Nilipokwenda kumweleza baba yake kwamba nataka kuleta mshenga, alinijibu mbele ya watu: "Nikiyaona meno yangu kwenye ubavu wa mashua, mlete. Nisipoyaona, binti ataolewa na Pantaleo."

Pantaleo ni karani wa mizani ya pamba. Ana baiskeli na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki.

Nimejaribu sabuni. Nimejaribu mchanga, nao umeniachia mikwaruzo ambayo kwa sasa nimeigeuzia upande wa matete. Baba mdogo Gregory kazi yake ni kuosha magari na kuyang'arisha. Muulize anatumia nini. Bibi, nisipompata msichana huyu sijui nitabaki Nungwe kufanya nini.

Mumeo mdogo,
Onesmo


Songwa,
2 Februari 1954

Mume wangu Onesmo,

Marahaba. Barua yako ilikaa Shinyanga mjini kwa mtu aliyeapa kuniletea kesho yake, na kesho yake ilikuja baada ya majuma mawili. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa wivu. Sisi tu wazima. Gregory aling'olewa jino na kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa na amani. Ng'ombe mwekundu amezaa. Jirani yetu Mageni amenunua baiskeli, anaisukuma kila mahali, kuipanda hajui.

Kwa hiyo unaoa. Mimi niliyekulea tangu baba yako alipofariki, niliyekutafunia karanga kabla hujaota meno, leo naambiwa kuna mtu ambaye karatasi haitoshi kumweleza. Haya. Mke mkubwa hufa na kijiba chake moyoni.

Gregory anatumia dawa ya kopo inayouzwa dukani mjini, nyeupe, nzito kama uji uliolala. Amekununulia moja. Msikilize sasa, maana wewe ukiambiwa jambo husikia mwisho wake tu. Kwanza osha mashua kwa sabuni, uiache ikauke kivulini. Kisha chovya kitambaa laini, usugue kwa kuzungusha mkono, sehemu ndogo ndogo, upana wa ungo mmoja na usizidi. Ule unga mweupe ni rangi iliyokufa. Unaiondoa ili ile hai ya chini ionekane. Dawa ikikauka, futa kwa kitambaa kingine kikavu, ndipo uende sehemu nyingine. Ukifanya juani itagandia na utalia. Pembeni kwenye kona usikaze mkono, rangi pale ni nyembamba, utafika kwenye ubao.

Barua hii nimeitia posta. Kopo atalileta Mageni, anakwenda Mwanza na mchele wake na kutoka huko atavuka kuja kwenu. Karatasi ya kopo ilikuwa imebanduka, basi Gregory ameandika juu yake kwa herufi kubwa, DAWA YA KUNG'ARISHA, mtu asije akadhani ni maziwa.

Halafu, huyo Mihayo ni yupi? Kama ni yule aliyesomea Bukumbi kwa mapadre, mwenye pengo kati ya meno ya mbele, basi hilo la kutaka kuyaona meno yake nimelielewa. Kama siye, sahau kwamba nimeuliza.

Mkeo mkubwa, aliyeonewa,
Eufrasia


Nungwe,
21 Machi 1954

Bibi,

Shikamoo tena. Sisi wazima. Sato wamepungua kidogo, mwezi ulikuwa mkubwa. Nimepata habari kwamba mtoto wa Klara analia usiku kucha, kwa hiyo amerithi jina la babu na tabia pia. Pole na kilimo.

Bibi, kaa chini kabla hujaendelea.

Mageni alifika siku ambayo mimi nilikuwa majini. Akamkabidhi kopo mwenye mashua, na kwa sababu barua yako ilikuwa kwangu, mzee alikuwa na yale maneno ya juu ya kopo tu. Sasa fikiri mwenyewe. Mtu yumo kwenye uchaguzi. Analetewa kopo kutoka Shinyanga, halina chapa ya duka, limeandikwa kwa mkono dawa ya kung'arisha. Atasema ya kung'arisha nini? Nyota yake. Akaona kijana anayetaka binti yake amemhangaikia kwa mganga mkubwa, kimyakimya, kama mkwe mwenye adabu. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akajipaka.

Upara wote, Bibi. Na paji la uso, na nyuma ya masikio. Na kwa kuwa dawa ilikuwa inakauka na kuwa nyeupe, akaisugua kwa shuka mpaka ikatoa mng'ao, bila kufundishwa na mtu.

Scolastika ndiye aliyelikuta kopo, likiwa limebaki nusu, akaniletea chini ya kanga. Nikafanya kama ulivyoniambia, kivulini, ungo kwa ungo. Sikuamini macho yangu. Ule ukungu uliondoka na ile buluu ikatoka chini yake, na nikaona mawingu yakipita kwenye ubavu. Lakini dawa ilitosha upande wa kulia tu.

Siku ya uchaguzi nilizunguka ghuba nzima ili tuingie mwaloni kwa upande wa kulia. Mzee akasimama mbele. Jua lilikuwa linampiga utosini. Bibi, watu walikinga macho. Harufu ya kopo, kama ya mafuta ya taa, ilimtangulia, na waliokuwa na viko wakavizima wenyewe. Kisha mama mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba huyu tumchague, hata usiku hatapotea. Wakacheka mpaka pamba ikasahauliwa, na walipomaliza kucheka wakampa kura.

Sasa ni mwenyekiti na hakuna wa kumtoa kwenye imani yake. Nilipomwambia dawa ile ni ya magari alinitazama kwa huruma. Kuhusu mimi anasema ameyaona meno yake upande mmoja tu, kwa hiyo nilete nusu ya mshenga. Pantaleo anapita kila jioni na baiskeli yake upande wa kushoto wa mashua, anakohoa.

Jambo moja sikulielewa. Aliniuliza jina la mganga. Nikasema hakuna mganga, aliyetuma ni bibi yangu Eufrasia wa Songwa. Halafu akauliza kama bado unaziba mdomo kwa mkono ukicheka. Bibi, kuna nini?

Mjukuu wako,
Onesmo


Songwa,
11 Aprili 1954

Mume wangu,

Marahaba. Gregory alinisomea barua yako kwa sauti, kwa sababu miwani ilikuwa imepotea, na alipofika kwenye masikio niliteleza kwenye kigoda. Miwani ilikuwa chini yangu. Sasa nasoma kwa jicho moja. Mvua zimetosha. Ndama anakua. Mageni amesikia alichosababisha, na sasa anajitangaza kuwa ndiye aliyemweka mwenyekiti wa Nungwe madarakani.

Kopo jingine sitaleta. Litaishia utosini. Nitakufundisha ya nyumbani, aliyokuwa anatumia Gregory kabla duka halijaleta makopo. Chukua jivu jeupe, ulichekeche kwa kitambaa cha kanga mpaka libaki kama poda, lisiwe na chembe hata moja, usirudie ya mchanga. Likande na mafuta ya karanga kidogo. Hilo ndilo la kusugulia na kuondoa rangi iliyokufa. Ukishafuta safi, tafuta nta ya nyuki. Iyeyushe kwenye kikopo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Itoe kabisa motoni, uende nayo mbali, ndipo uitie mafuta ya taa kidogo. Rudia nilichosema, mbali na moto. Nataka mume, sitaki majivu. Paka kidogo sana, iache ikauke, kisha sugua kwa kipande cha blanketi mpaka mkono ukatae. Nta ndiyo inayozuia jua lisile rangi tena.

Lile uliloliuliza mwishoni halikuhusu.

Mwambie bado nacheka, lakini mdomo sizibi tena, meno yaliyokuwa ya kuficha yamekwisha. Na mkewe hajambo? Nauliza kwa adabu tu, mtu huuliza habari za nyumba anayotaka kuoa.

Eufrasia


Nungwe,
30 Mei 1954

Bibi,

Shikamoo. Nilichelewa kuandika. Wote wazima, na samaki wapo. Kwa Klara hawajambo.

Mashua imekwisha. Pande zote mbili. Ya nta imeshinda ya kopo, maji yakirushwa juu yake yanakimbia. Mzee alikuja asubuhi, akainama, akafungua mdomo, akayaona meno yote, yaliyomo na yasiyokuwemo. Akasema nimeshinda. Scolastika alikuwa amesimama karibu na nyavu, na mimi Bibi nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumshukuru.

Mkewe alifariki zamani. Nilimpa mzee jibu lako la kicheko na swali lako la mkewe kwa pamoja, na nafikiri hapo ndipo nilipokosea. Tangu siku ile ananyoa ndevu. Na asubuhi hiyo, akiwa bado ameinama, akaniambia nisubiri kidogo na mshenga wangu. Maneno yake ni haya: "Kwanza nakwenda Songwa kumposa bibi yako. Nikirudi tutaona yako."

Nikarudi nyumbani nikiwa sijui nicheke au nini. Ni wazee wa kanisani walionionyesha shimo. Mzee Mihayo akikuoa, Scolastika anakuwa mtoto wako. Mtoto wako wa kike ni dada wa marehemu baba. Dada wa baba ni shangazi. Na mtu haoi shangazi yake, hata kama ushangazi wenyewe ameupata juma lililopita. Nikamweleza mzee. Akasema mimi bado kijana, nitapata mwingine, yeye hana muda huo.

Scolastika ananiambia nianze kumwita shangazi mapema ili nizoee. Anasema hivyo anacheka, halafu anageuka, na nikimwona mabega yake najua hacheki.

Bibi, sisemi umkatae. Uko peke yako tangu babu alipoondoka, na hujawahi kuniuliza habari za mwanamume yeyote mara mbili. Nisingependa uje uniangalie siku moja na kuniona mimi ndiye niliyekuzuia. Wala sisemi umkubali. Sijui nasema nini. Atapanda meli ya kwenda Mwanza juma lijalo.

Onesmo wako


Songwa,
4 Julai 1954

Mume wangu Onesmo,

Marahaba, marahaba. Huku baridi ya asubuhi imeanza na pamba inachumwa. Ndama ameachishwa. Gregory hajambo, ameota kitambi, anasema ni mafua.

Mkwe wako alikuja. Alifika na kanzu mpya, na kichwa kinang'aa kwa nta. Usibishe, niliijua harufu, ni ile niliyokufundisha mwenyewe. Nilimtandikia mkeka, nikaketi naye juu yake, tukazungumza toka asubuhi mpaka kivuli cha nyumba kikageuka upande. Pengo lake limepata majirani wengi. Kumbe mtu anaweza kuzeeka pande zote na kicheko kikabaki vilevile.

Alipotoa posa sikujibu. Nikamwambia mimi si msichana wa kujibu huku nyumbani kuna mtoto analia. Onesmo nimemlea mimi, la Onesmo lisipokwisha moyo wangu hauwezi kusikia jingine. Amalize la mtoto kwanza, ndipo anisikie. Akafurahi, akaona mlango umefunguka. Akamwita Gregory, akamwita na katekista aliyekuwa anapita njiani, akasimama akasema: "Scolastika nimempa Onesmo. Mwenye neno aseme." Hakuna aliyekuwa na neno. Nikamwomba arudie, kwamba Gregory sikio moja ni zito. Gregory hana sikio zito. Akarudia.

Hapo nikainuka mkekani. Nikajitanda kanga mpaka usoni, nikaenda kuketi kule karibu na mlango wa jikoni, mgongo upande, kama mwanamke anavyoketi mbele ya mkwe wake. Nikamwamkia kwa heshima ya wakwe bila kumtazama.

Alikaa akinitazama. Katekista ndiye aliyeelewa wa kwanza, akatoka nje kukohoa. Kisha Mihayo naye akaelewa, kwamba amekwisha kuwa mkwe wa nyumba hii kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, mara mbili, na mkwe haposi kwa mkwe. Nilidhani atakasirika. Akacheka, mume wangu, mpaka akashika mkeka.

"Eufrasia," akasema, "ulinifanyia hivi hivi Bukumbi."

Nikamjibu kutoka ndani ya kanga: "Bukumbi sikuwa mimi. Alikuwa baba yangu."

Basi. Jibu la swali lako la mwezi wa tatu ndilo hilo. Wakati yeye anatafuta ng'ombe, baba alikuwa amekwisha kupokea wa babu yako. Na babu yako alikuwa mtu mwema kwangu mpaka mwisho, asije mtu akakuambia vingine. Kuku aliliwa, yeye sebuleni na mimi jikoni, kama wakwe. Jioni Gregory alimpeleka kituoni kwa gari la mteja wake. Nilisimama mlangoni nikicheka, nao wakicheka, mpaka vumbi likatulia. Kisha nikaingia ndani na sikuwasha taa mpaka Gregory aliporudi.

Uliandika kwamba husemi nimkatae. Ni barua nzuri, nimeiweka. Lakini nikuambie ukweli kwa sababu umekuwa mtu mzima: sikumkataa kwa kutomtaka. Nilimtaka. Nimekaa na wewe upande mmoja na yeye upande wa pili, na wewe bado una miaka mingi ya kuwa na huzuni kuliko mimi. Usilibebe. Nimelichagua nikiwa na akili zangu na miwani yangu machoni.

Peleka mshenga sasa hivi, kabla mzee hajapata mwanasheria. Pantaleo mwalike, akae karibu na wapishi. Harusini mimi sitakuja, wakati huo nitakuwa na mguu unaouma. Baadaye mlete Scolastika nimwone, nataka kumwuliza ni nini hasa hakikutosha kwenye karatasi. Lakini baba yake asiwasindikize. Mtafutieni kazi yoyote, hata mkimwambia mashua imefifia tena. Ujanja nilikuwa nao wa mara moja tu.

Bibi yako,
Eufrasia